Kujivua wetsuti iliyobana ukiwa peke yako

Sisi wa kupiga mbizi kwa keji za samaki (vizimba vya kufugia) huku Ziwa Victoria upande wa Kenya, tangu Dunga mpaka Usenge, tunajua kuvaa wetsuti, ile suti ya raba ya kupigia mbizi, ni kazi lakini kuvua ndio balaa, haswa kama wenzako washaenda na boti, umebaki ufuoni na jua la saa saba linakuchoma ukiwa ndani ya raba ya milimita tatu. Kitu ya kushika ni hii: si nguvu inavua, ni maji. Neoprini, yaani hiyo raba yenyewe, ikianza kukauka inakushika kama kupe, so usikae kupiga stori kwanza.

1. Weka maji karibu. Wengi watakwambia ulegezee humo humo ziwani na kweli inasaidia, lakini ziwa hili lina kichocho na vile vijidudu vinapenya ngozi kwa dakika chache tu, haswa pale pembeni kwenye nyasi ambako konokono hukaa. Mimi nabeba mtungi wa maji ya mfereji. Ukikosa, maji ya ziwa yaliyolala kwa tanki siku mbili pia ni sawa.

2. Toa saa na pete. Bandua velkro ya shingo halafu vuta kamba ya zipu, mkono ule mwingine ushike chini ya zipu ili kitambaa kisipande. Ikikwama usiikurupushe, irudishe kidogo uangalie kama imeuma fulana ya ndani.

3. Mabega, na hapa ndio watu hulia. Mwaga maji shingoni yashuke mpaka kifuani. Shika kola upande wa bega kwa nyama ya vidole, si kucha, kucha inapasua neoprini vibaya sana. Vuta kwenda NJE kwanza, mbali na mwili, ndio ushushe. Bega likitoka iache mikono ya wetsuti ijigeuze ndani nje, usipigane nayo, kunja kiwiko ukitoe, halafu ufike kwa kifundo cha mkono ambapo ndio kuna shida yenyewe. Ingiza vidole viwili vya mkono ule mwingine ndani ya ukingo, panua, mimina maji hapo, laza kidole gumba ndani ya kiganja alafu chomoa pole pole. Ikikataa bado, bana ile ncha iliyogeuka katikati ya magoti na uvute mkono wako, usivute wetsuti.

4. Kiuno. Ukiwa umesimama, sukuma mpaka ipite makalio yote. Ukikaa chini kabla haijapita utaanza upya.

5. Miguu. Sasa kaa. Shusha hadi chini ya magoti, simama tena ushike mti au ukuta, kanyaga kitambaa cha mguu mmoja kwa mguu ule mwingine, na uinue goti la huo mguu unaoutoa. Kisigino kikikwama, dole gumba ndani ya ukingo kwa nyuma na maji kidogo. Ile mambo ya kuvaa mfuko wa plastiki mguuni wakati wa kuvaa wetsuti ili mguu uteleze, huku Kenya mifuko ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo soksi nyembamba inatosha, na ukivua inateleza nayo.

Ukijua yako hubana sana, paka kondishona ya nywele iliyochanganywa na maji kwa vifundo kabla ya kuvaa. Vaselini hapana, inaharibu neoprini.

Shingo ikikukaba au vidole vianze kufa ganzi, achana na utaratibu wote: fungua zipu, na kama mkono bado umekwama kata ule ukingo na mkasi. Gundi ya neoprini iko, utashona baadaye.

Ukishatoka suuza na maji safi, geuza ndani nje, tundika kivulini kwa hanga nene. Hanga ya waya inakata mabega, na jua la mchana linaifanya ikakamae, alafu next time ndio haitavuka kiwiko kabisa.