Kutia nanga bila kuvunja matumbawe

Nikiwa nahodha wa mashua ya watalii, kabla ya kutia nanga husoma kwanza rangi ya maji. Mabaka meusi huenda ni matumbawe. Tafuta mchanga, unaong'aa mweupe. Palipo na boya la kufungia vyombo, funga kamba hapo, nanga ibaki chomboni. Mnyororo nauogopa kuliko nanga yenyewe: upepo ukigeuka, huburuzika na kusaga matumbawe ambayo mengine hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Kitoweo cha mvuvi, riziki yangu, hata nyumba za ufuoni zinazokingwa dhidi ya mawimbi, vyote vinategemea mwamba huo wa matumbawe. Wageni wavae fulana za mikono mirefu, wapunguze mafuta ya jua yanayoweza kudhuru matumbawe. Aliyechoka kuogelea asisimame juu ya matumbawe. Mrushie boya la kuokolea ashikilie.