Kupima na kurekebisha taimingi ya msingi kwenye Starlet ya turbo iliyofanyiwa mabadiliko

Somo hili linahusu injini ya Toyota 4E-FTE, yenye sentimita za ujazo 1,331, iliyofungwa kiwandani kwenye Starlet GT Turbo (EP82) na Glanza V (EP91), na ambayo mara nyingi huhamishiwa kwenye Starlet ya kawaida iliyokuja na 4E-FE. Injini hii hutumia distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi, kwa hiyo taimingi yake, yaani wakati cheche inapopigwa ukilinganisha na mahali pistoni ilipo, inaweza kusogezwa kwa mkono, na kwa sababu hiyo hiyo inaweza kuharibiwa kwa mkono.

Kompyuta ya injini haiioni pistoni. Inachokijua ni ishara za sensa zilizomo ndani ya distributa, na kutokana na ishara hizo hukokotoa mahali pistoni ilipo. Ikiwa distributa imekaa vibaya kiasi cha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kutofautiana kwa digrii 4, basi kila namba iliyoandikwa kwenye ramani ya cheche (jedwali ndani ya kompyuta linaloamua cheche ipigwe lini) imekosewa kwa digrii 4: pale fundi alipoandika 12 kwa shinikizo kubwa la turbo, injini inapata 16, inaanza kugonga (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda), na kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kabla ya kugusa ramani.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba alama ya puli inasema kweli. Puli ya krenki yenye mpira katikati inaweza kuteleza baada ya miaka mingi, na puli nyepesi ya kununua huenda haina alama sahihi. Chomoa plagi zote nne, kisha funga kizuizi cha pistoni kwenye tundu la silinda namba 1. Kinaweza kutengenezwa kwa plagi ya zamani iliyotobolewa na kufungwa bolti yenye ncha ya mviringo. Zungusha krenki kwa mkono, polepole, hadi pistoni iguse kizuizi, na uchore mstari kwenye puli mkabala na sifuri ya kava la mkanda wa taimingi. Rudi upande wa pili hadi iguse tena, chora mstari mwingine. Katikati ya mistari hiyo miwili, kwa upande ulio mfupi, ndipo pistoni inapofika kileleni. Usitumie stata kwa kazi hii hata mara moja.

Baada ya hapo rudisha plagi, washa injini na iache ipate joto lake la kawaida, kisha zima kiyoyozi, redio na taa.

Kwa kompyuta ya kiwandani, fungua kiboksi cha uchunguzi kilicho chini ya boneti na uunganishe tundu lililoandikwa TE1 na lililoandikwa E1 kwa kipande cha waya. Soma mchoro ulio ndani ya kifuniko kwanza, kwa kuwa kukosea tundu kunaweza kuunguza kitu. Sasa kompyuta inaacha kuwahisha cheche na kubaki kwenye taimingi ya msingi, ile isiyoongezwa kitu na kompyuta, lakini kwa sharti kwamba sensa ya throto (vali ya hewa inayofunguliwa na pedali ya mafuta) inaieleza kuwa mguu haupo kwenye mafuta. Sensa hiyo ikiwa imerekebishwa vibaya, utapima namba inayochezacheza na kuilaumu distributa bure.

Bana kishikio cha taa ya taimingi kwenye waya wa plagi namba 1, mshale wake ukielekea plagi, kisha elekeza mwanga kwenye puli. Alama inatakiwa ionekane kwenye digrii 10 kabla ya kilele. Jihadhari: chini ya mwanga huo puli na mikanda huonekana kana kwamba imesimama, ilhali inazunguka kwa kasi ya kukata kidole.

Kama namba si 10, legeza bolti za distributa kwa spana namba 12, kiasi tu cha kuiwezesha kusogea kwa ugumu, na uisogeze kidogo sana. Distributa huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, hivyo digrii 1 juu yake ni digrii 2 kwenye puli. Kaza bolti na upime tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huisogeza. Mwisho toa waya wa TE1 na E1. Taimingi ikipanda yenyewe, kompyuta imerudi kazini.

Kwa kompyuta ya kujitegemea, yaani ile ya kununua inayofungwa badala ya ya kiwandani, fungia taimingi kwenye digrii 10 ndani ya programu, pima kwa taa, na urekebishe namba ya pembe ya sensa badala ya kuzungusha distributa. Kisha panda hadi mizunguko 4,000 kwa dakika taimingi ikiwa bado imefungiwa. Alama isihame.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, yangu huhama digrii 5 hivi nikipandisha mizunguko. Distributa imechakaa?
Jibu: Anza na nyaya mbili za sensa. Zikigeuzwa, kompyuta husoma ukingo usiofaa wa ishara, na kosa hukua kadiri mizunguko inavyopanda.

Swali: Kaka, nikiweka 14 gari linakuwa jepesi. Kuna ubaya gani?
Jibu: Wepesi huo upo pale turbo haijaanza kusukuma. Ikisukuma, digrii hizo 4 bado zipo. Ukitaka cheche iwahi mahali fulani, iandike mahali hapo kwenye ramani.

Swali: Distributa yangu imefika mwisho wa nafasi yake na bado nasoma 5.
Jibu: Usichonge nafasi hiyo, ndugu yangu, kama nilivyowahi kuona ikifanywa. Kagua kama mkanda wa taimingi umeruka jino. Cheche inayochelewa kiasi hicho hupeleka moto kwenye ekzosi, na turbo ndiyo inayoupokea.

Swali: Nimefunga koili za kupiga cheche mbili kwa pamoja. Taa yangu yenye kirekebishi (kitufe cha kuchelewesha mwanga wake ili kusoma digrii) inasoma 20, programu inasema 10.
Jibu: Taa inahesabu cheche mara mbili. Weka kirekebishi chake sifuri na usome alama ya digrii 10 kwenye kava moja kwa moja.