Kabla kuku wako hajazubaa

Kuku huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Ukimkuta amejikunyata, mbawa ameshusha, macho kafumba, ujue huenda ameanza kuumwa siku nyingi. Kwa hiyo jiandae leo, wakiwa wazima.

Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa virusi wa kuku, kwanza. Ile ya matone ni tone moja jichoni, irudie kila baada ya miezi 3, usiruke, maana kideri hakina dawa. Tafuta tenga la kumtengea mgonjwa. Weka namba ya afisa mifugo kwenye simu. Maji safi kila siku, na changarawe ndogondogo uani: kuku hana meno, mawe ya kwenye firigisi ndiyo yanayomsagia.

Kizoee kinyesi cha kuku mzima. Kile laini cha kahawia chenye harufu kali, kinachotoka mara chache kwa siku, ni cha kawaida. Vifaranga wakihara damu usingoje kesho, mara nyingi ni koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Lakini kijani peke yake kisikupe jibu, kwa sababu kuku yeyote asiyekula huweza kutoa kijani.

Hilo mimi sikulijua. Nilikuwa na mtetea mwekundu, mtagaji kwelikweli. Jumatatu katoa yai, Jumatano kazubaa, anahara majimaji ya kijani. Jirani akaniambia, "Mama, hicho kideri." Nikanunua antibaiotiki ya unga, nikamchanganyia kwenye maji, na asubuhi na jioni nikamnywesha uji kwa nguvu asidhoofu. Siku ya nne akafa. Mtaalamu wa mifugo alipompasua alianzia kwenye gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Lilikuwa limejaa nyuzi za kiroba cha sandarusi, zimesokotana na majani makavu, na uji wangu umechachia humo humo. Hakuna kilichokuwa kikipita. Siku tatu nzima nilikuwa namshindilia kuku aliyeziba. Na kiroba kile nilikitandika mwenyewe kwenye kiota chake.

Basi washike gole, angalau mara moja kwa wiki. Jioni linajaa, alfajiri, kabla hujawamwagia chakula, linatakiwa liwe tupu. Ukilikuta gumu, limeziba. Likiwa linachezacheza kama mfuko wa maji na mdomo unanuka uchachu, limechacha. Hapo ondoa chakula, muachie maji, piga simu. Usimning'inize kichwa chini ili atapike, hata kama umeona wengine wakifanya: yale maji huingia kwenye njia ya hewa, akafia mikononi mwako.

Kiota tandika maranda. Okota kamba, nyuzi na vipande vya plastiki uani, majani marefu yafyeke. Ukiwapa dawa, uliza mayai yasiliwe kwa siku ngapi. Aliyekufa ghafla haliwi wala hauzwi, na usimtupe jalalani mbwa wakamburura mpaka kwa jirani; mfukie chini sana, unawe kwa sabuni. Wakifa wawili watatu kwa mpigo, mwite afisa mifugo kabla hujagusa wengine, na wageni wasiingie bandani na viatu vyao.