Ukoo wa wakulima wa Uingereza: tafuta wosia kwanza

Kama unafuatilia ukoo wa wale wakulima wa Uingereza wenye shamba lao wenyewe, walioitwa yeoman, usikimbilie rejista za parokia, yaani vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi. Tafuta wosia. Parokia ziliagizwa kuweka rejista mwaka 1538, lakini ubatizo wa karne ya 16 mara nyingi hukupa "John mwana wa John" na tarehe, basi, na kijiji kina akina John watano. Wosia hutaja mke, watoto, wakwe, wajukuu, pengine hata ng'ombe kaachiwa nani.

Kabla ya Januari 1858 wosia ulithibitishwa na mahakama za kanisa, kwa hiyo ulizia kwenye ofisi ya nyaraka ya kaunti. Mwenye mali katika dayosisi zaidi ya moja kusini mwa nchi, mtafute kwenye mahakama ya kanisa ya Canterbury. Nakala ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, kundi la PROB 11, na majina yanatafutika mtandaoni.

Kifungua mimba akikosekana, au akiachiwa shilingi moja tu, usidhani alikataliwa. Huenda alishapewa ardhi baba yake akiwa hai. Wosia wa wanawake? Angalia wajane zaidi; mke mwenye mume sheria ilimbana.

Halafu tarehe. Kabla ya 1752 mwaka ulianza Machi 25, hivyo Februari 1640 ya kwenye rejista ni 1641 kwa hesabu yetu. Ukisahau hilo, utawakuta wazazi waliooana Mei 1640 wamembatiza mtoto miezi mitatu kabla ya harusi.