Kukuza signali ya straini geji kwa opampu, hatua kwa hatua mpaka ipime uzito

Wakuu, leo tunajenga ampilifaya ya straini geji (kipande chembamba kinachobadilisha ukinzani kikivutwa au kubanwa) kwa mkono, kuanzia waya nne za loadi seli (chuma cha mizani kilichogundishwa geji hizo) mpaka voltiji ambayo mikrokontrola inaisoma vizuri. Najua kuna HX711, chipu iliyo tayari ya kukuza na kusoma loadi seli, na kwa mizani ya kawaida inatosha kabisa, lakini inakupa sampuli 10 au 80 tu kwa sekunde, kwa hiyo ukitaka kupima pigo la nyundo au mtetemo wa chuma haifai, alafu ukijenga mwenyewe mara moja utaelewa kwa nini mizani za watu wengi zinahamahama namba bila kuguswa.

Tatizo lenyewe sio kukuza. Kukuza mara 200 opampu yoyote, yaani chipu ya kukuza voltiji, inaweza. Tatizo ni kwamba signali yako ni milivolti chache na imekaa juu ya volti 2.5 ambazo huzitaki (nusu ya volti 5 tunazolishia loadi seli), na kazi yote hapa ni kuzikataa hizo volti 2.5 bila kuumiza hizo milivolti. Shika hilo, kila hatua hapa chini inatoka hapo.

Hatua ya 1: Jua waya zako

Mara nyingi nyekundu ni E+, nyeusi ni E−, kijani ni S+ na nyeupe ni S− (E ni za kulisha, S ni za signali), ila sio kila mtengenezaji anafuata hivyo, kwa hiyo usiamini rangi, chukua multimita. Waya nne zinakupa jozi sita za kupima. Kwa briji (geji nne zilizounganishwa kama mraba, waya moja kila pembe) ya omu 350, jozi nne zitasoma kama omu 262 na jozi mbili zitasoma kama 350. Hizo jozi mbili kubwa ndio pembe zinazotazamana, moja ni ya kulisha na nyingine ni ya signali. Kwenye loadi seli nyingi jozi ya kulisha inasoma juu kidogo, kama 400 hivi, kwa sababu ndani kuna rezista za kusawazisha joto. Ukipata jozi inayosoma infiniti au namba ambayo haiingii kwenye mpangilio huu, geji au waya imekatika, usipoteze muda wako na saketi.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kushika lehemu

Straini geji ya kawaida ina geji fakta ya karibu 2, maana yake ukiivuta kwa maikrostraini 1000 (urefu uongezeke asilimia 0.1) ukinzani unaongezeka kwa 0.2 asilimia, yaani omu 0.7 kwenye 350. Ukiwa na geji moja tu kwenye briji na unailisha volti 5 unapata milivolti 2.5. Basi. Loadi seli yenye geji nne kwa kawaida imeandikwa 2 mV/V, yaani kwa volti 5 inatoa milivolti 10 ikibebeshwa mzigo wake wote. Hapa nitatumia hiyo. Tukikuza mara 201 tunapata volti 2.01, na tukiweka sifuri yetu kwenye 2.5 tunaweza kupima kuvuta na kusukuma, kuanzia 0.49 mpaka 4.51, bila kugonga ukuta wa sapulai ya volti 5.

Hatua ya 3: Usitumie opampu moja

Hii ndio saketi ya kwanza kila mtu anaijenga, opampu moja na rezista nne, 1k mbili za kuingilia na 200k mbili. Kwenye karatasi inakuza mara 200. Ukiiunganisha na briji inakuza mara 170, kwa sababu kila upande wa briji una omu 175 zake na zinajiongeza kwenye ile 1k yako. Mbaya zaidi, rezista za asilimia 1 hazilingani, na zikikosana vibaya zile volti 2.5 zinapenyeza mpaka kwenye autoputi kama volti 0.1, yaani asilimia 5 ya kipimo chako chote, na inapanda na kushuka kila sapulai ikiyumba. Mi nimeshahangaika na hii wiki nzima nikidhani loadi seli ni mbovu, kumbe seli ilikuwa nzima, rezista ndio zilikuwa zinanidanganya.

Hatua ya 4: Chagua chipu

LM358 iache kwa kazi hii. Ofuseti yake (voltiji ya uongo ambayo opampu inajiongezea yenyewe kwenye signali) inaweza kufika milivolti 7 wakati signali yako yote ni 10, alafu ofuseti hiyo inatembea na joto kama maikrovolti 7 kwa kila digrii. Chumba kikipanda digrii 10 umepata maikrovolti 70, kuza mara 201 ni milivolti 14 za uongo, na hakuna mtu aliyeweka kitu juu ya mizani. Chukua OPA2333, ofuseti haizidi maikrovolti 10 na kwa joto haitikisiki karibu kabisa. Ina opampu mbili ndani na pini zimepangwa kama za LM358, kwa hiyo chipu mbili zinatupa opampu nne tunazohitaji. Angalia mambo mawili: mwisho wake ni volti 5.5, ukiipa 9 umeiua, na inakuja kwa umbo dogo la kulehemu juu ya bodi, utahitaji adapta kama unatumia bredibodi.

Hatua ya 5: Jenga

Opampu A na B ndio mlango. S− inaingia kwenye pini ya plasi ya A, S+ kwenye plasi ya B. Hakuna rezista kabla yake, moja kwa moja, na hapo ndipo briji inapumzika kwa sababu pini ya opampu hainyonyi karibu chochote. Toka autoputi ya A weka 10k kurudi kwenye minasi ya A, fanya hivyohivyo kwa B, alafu unganisha minasi ya A na minasi ya B kwa rezista moja ya omu 100. Hiyo ya 100 ndio inayopanga ukuzaji: 1 + (2 × 10,000 ÷ 100) = 201. Utamu wa mpangilio huu ni kwamba tofauti inakuzwa mara 201 ila zile volti 2.5 zinapita mara 1 tu, hazikuzwi kabisa.

Opampu C ndio inatoa tofauti. Autoputi ya A inapita 10k kwenda minasi ya C, na 10k nyingine toka autoputi ya C kurudi minasi hiyohiyo. Autoputi ya B inapita 10k kwenda plasi ya C, na kutoka hapo 10k nyingine inaenda kwenye rifarensi (voltiji ya kulinganishia) ya volti 2.5, ile sifuri yetu ya hatua ya 2. Hizi nne nunua za asilimia 0.1, hapa usibane hela, hata zikikosana vibaya kabisa kinachopenyeza ni milivolti 5 badala ya 100.

Opampu D ni ya hiyo rifarensi: gawa volti 5 kwa 10k mbili, katikati ingiza plasi ya D, unganisha autoputi yake na minasi yake. Usichomeke zile 10k mbili moja kwa moja kwenye C bila D, utaharibu ulinganifu uliolipia.

Kila chipu ipe kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini ya sapulai.

Hatua ya 6: Kelele

Sokota waya za S+ na S− pamoja, kama kebo ina shildi ifunge graundi upande mmoja tu, wa ampilifaya. Mwisho wa C weka rezista ya 15k na kapasita ya maikrofaradi 1 kwenda graundi, inapunguza kila kitu juu ya 10 Hz hivi, mlio wa umeme wa 50 Hz ukiwemo. Kwa wale wa nyundo na mtetemo badilisha kapasita iwe nanofaradi 10, utafika kama 1 kHz, na usitegemee zaidi sana ya hapo maana OPA2333 yenyewe kwa ukuzaji huu inachoka karibu na 1.7 kHz.

ADC yako (inayogeuza voltiji kuwa namba) itumie volti 5 zilezile zinazolisha briji kama rifarensi. Sapulai ikiyumba, briji na ADC vinayumba pamoja na namba inabaki palepale. Hii ni bure na watu wanaisahau.

Hatua ya 7: Jaribu bila mzigo

Washa, usiweke kitu, pima autoputi. Iwe jirani na 2.5, milivolti kadhaa huku au kule ni briji yenyewe kutokuwa sawa, sio kosa lako. Sasa chukua rezista ya 100k ugusishe kati ya E+ na S+. Ni kama umeibana geji moja, briji inatoa karibu milivolti 4.4, na autoputi lazima iruke juu kwa volti 0.88 hivi. Toa rezista, irudi ilipokuwa. Kama ilikuwa 2.52 unataka uone 3.40 alafu 2.52 tena. Ikishuka badala ya kupanda umegeuza S+ na S−. Ikiruka nusu yake, hesabu tena omu 100, mara nyingi mtu ameweka 200 au 220.

Hatua ya 8: Uzito wa kweli

Soma namba bila mzigo, soma namba ukiwa na uzito unaoujua, ikiwezekana zaidi ya nusu ya uwezo wa seli, gawanya tofauti ya namba kwa kilo, hiyo ndio skeli yako. Kwa ADC ya biti 10 na seli ya kilo 10 unapata kama hatua 412, yaani gramu 24 kila hatua, kwa hiyo ukitaka gramu mojamoja tafuta ADC ya biti 16. Alafu acha uzito juu kwa nusu saa uangalie namba. Ikitambaa taratibu mwanzoni alafu ikatulia, chuma na gundi ya geji vinajinyoosha, ni kawaida. Ikiendelea kutembea muda wote pamoja na joto la chumba, rudi hatua ya 4 na 5 ukague chipu na rezista ulizoweka.