Jinsi ya Kuzifuatilia Jeni za Misuli Ndani ya Yai la Kuku

Wanafunzi wengi hukariri majina ya jeni zinazojenga misuli: Pax3, Myf5, MyoD, mayojenini. Mimi huwaanzisha na yai, kwa sababu kiinitete kimoja cha kuku kina hatua zote kwa pamoja, mradi ujue usome kutoka upande gani.

Laza mayai yaliyorutubishwa ubavu kwenye mashine ya kutotolesha, nyuzi joto 38, kwa saa 48 hivi. Usiyageuze: kiinitete hupanda juu, nawe utajua kilipo. Toboa ncha butu, elekeza sindano chini, uvute mililita 3 hadi 5 za ute. Hapa usiwe na haraka. Ute ukipungua, kiinitete huachana na ganda, na mkasi hautakigusa unapokata dirisha. Kabla ya kukata bandika selotepu, vipande vya ganda visidondokee ndani. Kiinitete kichanga hakionekani vizuri, kwa hiyo pitisha chini yake wino mweusi wa kaboni uliozimuliwa kwa maji ya chumvi ya maabara. Mgongo utajitokeza palepale.

Chini ya hadubini, pande zote mbili za mrija wa neva (utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo), utaona vijumba vilivyopangana jozi jozi. Hizo ndizo somaiti, vifungu vya seli ambamo misuli ya mwili hutoka. Zihesabu. Kwa umri huu huwa kama jozi 16 hadi 20, na kwa kuku jozi mpya hukatika kila dakika 90, kutoka kichwani kwenda mkiani. Jozi iliyo ya kumi mbele ya ile ya mwisho imeizidi umri kwa saa 15. Ndiyo maana nasema anza kusoma mkiani, kwenye zile changa.

Huko mkiani seli bado hazijaamua. Pax3 inafanya kazi, lakini msuli haujaanza. Panda kidogo kuelekea kichwani. Notokodi, fimbo laini iliyo chini ya mrija wa neva, inatoa protini ya Shh, mrija wenyewe unatoa protini za Wnt, na kwa pamoja zinaamsha Myf5 na MyoD kwenye ukingo wa somaiti ulio karibu na mrija. Protini nyingine, BMP4, kutoka pembeni inazuia, ndiyo maana ukingo wa nje huchelewa. Mbele zaidi mayojenini inashika zamu: seli zinaacha kugawanyika, zinajipanga, na baadaye zinaungana kuwa nyuzi.

Nguvu ya MyoD ilijulikana 1987, ilipoingizwa kwenye seli za tishu unganishi zikageuka za msuli. Lakini haifanyi kazi peke yake. Panya aliyeondolewa MyoD tu hupata misuli, kwa kuwa Myf5 huziba pengo; mwaka 1993 waliokosa zote mbili walizaliwa bila misuli ya mifupa, wakafa. Jaribio hilo nalipenda kuliko yote, linaonyesha jinsi kiinitete kilivyojiwekea akiba.

Ukitaka kuziona jeni zenyewe, hifadhi kiinitete kwa paraformaldehaidi, kemikali inayozuia tishu zisioze, kisha ukilaze na kipande cha RNA kinachoshikana na ujumbe wa MyoD (nakala ya RNA ambayo jeni hutoa inapofanya kazi), upake rangi. Somaiti za mbele zitakolea kuliko za mkiani. Halafu tazama moyo, ambao kwa saa 48 ulikuwa umeshaanza kupiga. Msuli wake hutegemea jeni nyingine, Nkx2-5 na GATA4, wala si MyoD. Ukikuta rangi moyoni, huenda imeshika ovyo, usiziamini hata somaiti: ongeza muda wa kuosha, urudie.