Jua limejificha? Litafute kwa miwani
Kama una miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao wa maji, unaweza kujua jua liko wapi hata likiwa nyuma ya kilima au limetoka kuzama. Ivue, tazama anga la utosini kupitia kioo kimoja, ukiizungusha taratibu. Anga likifikia weusi wake wa mwisho, mstari wa kioo kutoka upande wa nyusi hadi wa shavu ndio unaoelekea jua. Saa sita mchana usijisumbue, na mawingu yakifunga kabisa hupati kitu. Nyuki hutumia nuru hiyohiyo ya anga kujua jua liko wapi, tena bila miwani! Unashuku yako ni feki? Izungushe mbele ya skrini ya kikokotoo. Skrini isipotiwa giza, umeuziwa plastiki nyeusi.